Kilomita za Angani, Saa za Barabarani: Jinsi ya Kupanga Safari ya Mgeni wa Kwamndolwa



Katika toleo hili tumeona vema kueleza jambo ambalo limetugharimu fedha na pia heshima mbele ya wageni, nalo ni tofauti kati ya umbali wa ndege na muda wa safari. Miaka michache iliyopita ofisi yetu ilipokea wageni wawili waliotumwa kukagua kisima cha Kwamndolwa, Korogwe. Ripoti ya ukaguzi huo ndiyo iliyokuwa ikisubiriwa ili awamu ya pili ya fedha itolewe. Mwenzetu mmoja ofisini (na mimi nilikubaliana naye, kwa hiyo simtupii lawama) alisema wageni wasichoshwe na barabara, wapande ndege kutoka Dar es Salaam hadi Tanga, kwani ni dakika hamsini tu. Kamati ikaarifiwa kuwa wageni watafika saa 5 asubuhi. Akina mama wakapika, wanakwaya wakavaa sare, mzee wa kisima akavaa koti lake la Pasaka. Wageni walifika saa 11 jioni. Kisima kilikaguliwa kwa tochi, maswali mawili ya msingi hayakuulizwa, na awamu ya pili ikachelewa kwa miezi kadhaa.

Zile dakika hamsini zilikuwa za kweli. Makosa yalikuwa kuzichukulia kama safari nzima.

UMBALI WA NDEGE HUPIMWAJE?

Ndege haifuati kona za barabara. Umbali unaoandikwa katika majedwali ya safari za anga ni ule wa mstari mfupi kuliko yote juu ya uso wa dunia kutoka kiwanja hadi kiwanja. Kwa kuwa dunia ni duara, mstari huo katika safari ndefu huonekana umepinda ukiuchora kwenye ramani bapa, lakini kwa safari za humu nchini tofauti hiyo ni ndogo mno, na mwanakamati mwenye atlasi ya shule, rula na uzi anaweza kuupima mwenyewe.

Iko pia njia ya hesabu. Uzi mmoja wa latitudo una dakika 60, na kila dakika moja ni maili moja ya baharini, yaani kilomita 1.852. (Dakika hizi ni za ramani, si za saa ya ukutani. Waliotunga majina hawakutuhurumia.) Kiwanja cha ndege cha Tanga kiko takriban nyuzi 5 na dakika 5 kusini mwa ikweta, na kiwanja cha Julius Nyerere cha Dar es Salaam kiko takriban nyuzi 6 na dakika 52. Ukitoa, unabaki na uzi 1 na dakika 47, yaani dakika 107. Zidisha kwa 1.852, unapata kilomita 198. Kwa kuwa viwanja hivi viwili vimekaa karibu katika mstari mmoja wa kaskazini-kusini, hesabu hiyo inatosha. Umbali wa ndege kati ya Tanga na Dar es Salaam ni kama kilomita 200. Kwa barabara, kupitia Segera na Chalinze, ni kilomita 350 na zaidi kidogo.

Viwanja vikikaa mshazari hesabu inahitaji hatua moja zaidi, ile ya pembetatu tuliyofundishwa shuleni. Kati ya Dar es Salaam na Kilimanjaro (KIA), kwa mfano, kaskazini-kusini ni kama kilomita 384 na mashariki-magharibi ni kama kilomita 236. Mshazari wake ni kilomita 450.

DAKIKA ZA ANGANI

Muda wa kuruka unategemea aina ya ndege. Safari za Tanga zimezoeleka kufanywa na ndege ndogo za injini moja aina ya Cessna Caravan, zinazobeba abiria wapatao kumi na wawili. Sababu mojawapo ni kwamba njia ya kurukia ya Tanga imekuwa na urefu wa kilomita 1.2 na ushei, wakati ile ya KIA, kiwanja kilichofunguliwa mwaka 1971, ina kilomita 3.6 na hupokea ndege kubwa za kutoka Ulaya. Caravan husafiri kwa mwendo wa kilomita 280 hadi 300 kwa saa. Gawanya 200 kwa 280, unapata dakika 43. Ongeza dakika chache za kupaa, kugeuka na kujipanga kutua, ndiyo zile hamsini.

Jambo ambalo wengi hulisahau ni kwamba dakika za kupaa na kutua hazipungui sana hata ndege ikiwa na kasi. Kati ya Dar es Salaam na KIA, ndege ya mapangaboi aina ya ATR yenye mwendo wa kilomita 500 hivi kwa saa hutumia takriban saa moja na dakika kumi. Ndege ya jeti ikienda kilomita 800 kwa saa katika kipande hicho hicho itatumia kama dakika 55. Kasi imeongezeka kwa zaidi ya nusu, na abiria ameokoa robo saa. Robo hiyo huipoteza yote akisubiri begi lake.

Kuna mfano mwingine ninaoupenda. Ndege ndogo ya Tanga mara nyingi hupitia Zanzibar. Kutoka Dar es Salaam hadi Zanzibar ni kama kilomita 73, na kutoka Zanzibar hadi Tanga ni kama 127. Jumla ni 200, yaani umbali ule ule wa moja kwa moja, kwa sababu kiwanja cha Zanzibar kiko karibu juu ya mstari wenyewe. Hakuna kilomita iliyoongezeka, lakini ndege imetua, abiria wameshuka, wengine wamepanda, mizigo imepangwa upya, na nusu saa imepita. Mtu aliyepanga kwa kilomita peke yake hataelewa nusu hiyo ilikwenda wapi.

KWAMNDOLWA IKO WAPI KATIKA HESABU HII?

Hakuna ndege ya abiria yenye ratiba inayotua Korogwe wala Handeni. Mgeni wetu lazima ashukie mbali na aje kwa gari, na viwanja vya kuchagua ni vitatu, yaani Tanga, Dar es Salaam na KIA.

Tuanze na Tanga, kwa kuwa ndiyo iliyotuponza. Kutoka kiwanja cha Tanga hadi Korogwe ni kilomita 66 kwa mstari wa ndege, lakini kwa barabara ya Muheza na Segera ni chini kidogo ya kilomita 100, saa moja na nusu hadi mbili. Sasa jumlisha siku nzima ya mgeni. Anatoka alikolala Dar es Salaam na kukaa kwenye foleni hadi kiwanjani, saa moja. Anatakiwa kufika angalau saa moja kabla ya ndege kuondoka. Anaruka kupitia Zanzibar, saa moja na nusu. Anapokea mzigo na kumtafuta dereva, nusu saa. Kisha gari hadi Korogwe, saa mbili. Jumla ni saa sita, kama kila kitu kimekwenda sawa. Gari lililotoka Dar es Salaam alfajiri hiyo hiyo lingefika Korogwe kwa saa tano au sita, likiwa na mgeni, mizigo yake yote na dereva anayeijua njia. Isitoshe, ndege ndogo ina kipimo cha uzito wa mizigo, na pampu ya kisima haiingii chini ya kiti. Siku ile ya wageni wetu ndege ilichelewa kuondoka, na begi moja la vifaa vya kupimia maji likabaki nyuma kusubiri safari iliyofuata. Hapo ndipo saa sita zikawa kumi na mbili.

Sisemi kiwanja cha Tanga hakina faida. Mwenye shughuli Pemba anafika kwa dakika ishirini na kitu, kwani ni kilomita 84 tu za bahari, na kwake ndege ni mkombozi. Kwa mtu wa Kwamndolwa aendaye Dar es Salaam haimwokolei muda.

KIA NA DAR ES SALAAM: NUSU KWA NUSU

Chukua rula, uiweke kwenye ramani kutoka kiwanja cha Dar es Salaam hadi KIA. Mstari huo unapita kati ya mji wa Handeni na mji wa Korogwe, kiasi cha kilomita 30 kutoka kila mmoja, na hapo ni nusu ya safari karibu kabisa. Marubani huweza kupita pembeni kidogo kwa maelekezo ya waongoza ndege au kwa sababu ya mawingu, lakini si ajabu ile ndege unayoisikia ukiwa shambani imebeba mtu anayekwenda kutua Dar es Salaam ili kesho yake aanze kurudi huku kwako kwa gari.

Hili hutokea kweli, tena kwa wafadhili wetu wanaotoka Ulaya. Kutoka Amsterdam hadi KIA ni takriban kilomita 6,900, saa nane na zaidi kidogo za kuruka. Kwa miaka mingi ndege ya KLM imekuwa ikitua KIA kwanza, kisha kuendelea Dar es Salaam. Mgeni wa Korogwe aliyekata tiketi ya Dar es Salaam kwa kudhani ndiko karibu, hukaa kwenye kiti wakati wenzake wanashuka KIA, akaruka tena kilomita 450, kisha akasafiri kilomita 300 kwa barabara kurudi kaskazini. Angeshuka KIA, angebakiwa na kilomita 300 hizo hizo.

Ndiyo, ni 300 kwa 300, na wengi hukataa mpaka waone. Kwa mstari wa ndege Korogwe iko kilomita 208 kutoka kiwanja cha Dar es Salaam na 247 kutoka KIA, hivyo Dar es Salaam inaonekana kuwa karibu zaidi kwa kilomita 40. Barabara inaifuta faida hiyo. Ukitoka Dar es Salaam unaelekea magharibi zaidi ya kilomita 100 hadi Chalinze ndipo unapinda kwenda kaskazini kupitia Msata, Wami, Mkata, Kabuku na Segera. Ukitoka KIA, barabara inapita Moshi na Himo, kisha inateremka na ubavu wa milima ya Upare na Usambara kupitia Mwanga, Same, Hedaru na Mombo, ikifuatana na reli karibu njia nzima bila mzunguko mkubwa.

Reli hiyo ni mwalimu mzuri wa habari za muda. Krapf alipokwenda kumwona Kimweri kule Vuga mwaka 1848, safari kutoka pwani ilihesabiwa kwa siku za kutembea kwa miguu. Wajerumani walianza kujenga reli kutoka Tanga mwaka 1893, na treni ilifika Korogwe mwaka 1902. Ni mwendo mdogo, lakini miaka tisa ilikwisha kwa udongo, mito na ukosefu wa fedha. Moshi ilifikiwa mwaka 1911 na njia ikafunguliwa rasmi mwaka uliofuata. Treni ya abiria kati ya Dar es Salaam na Moshi ilisimama kwa miaka mingi, ikarejea Desemba 2019, na Korogwe ni mojawapo ya vituo vyake. Mwenye muda na asiye na haraka aulizie ratiba kituoni kabla ya kupanga.

Turudi kwa mgeni. Kwa kuwa barabara ni sawasawa, mwanakamati atachaguaje? Angalia mambo mawili. Kwanza, mgeni ana shughuli gani nyingine? Akitakiwa wizarani au ubalozini, au akikutana na wahisani wengine Dar es Salaam, ashukie huko na afanye hayo kwanza. Pili, foleni. Njia ya Dar es Salaam inaanza kwa mji mkubwa. Mpaka uvuke Kibaha na Mlandizi unaweza kuwa umekwisha kutumia saa mbili kabla hujaanza safari yenyewe. Wapo madereva wanaopita Bagamoyo na kutokea Msata kwa barabara ya lami ili wakwepe kipande hicho. KIA iko porini, kati ya Moshi na Arusha, na dereva akitoka getini tayari yuko barabara kuu. Daraja jipya la Wami, lililoanza kutumika mwaka 2022, limeondoa pale mahali ambapo magari yalikuwa yakisubiriana kupita moja moja, lakini malori yaendayo kaskazini bado ni mengi.

Kwa wageni wa Handeni hesabu inabadilika kidogo. Anayetoka Dar es Salaam anaacha barabara kuu pale Mkata, hana haja ya kufika Segera. Anayetoka KIA afike Korogwe kisha ashike lami ya Handeni, kilomita 65 zaidi. Kwake, Dar es Salaam ndiyo karibu.

USIKU

Hapa naomba wafadhili wasome polepole. Ndege nyingi za kutoka nje hutua jioni au usiku. Mgeni ametulia, amelala ndani ya ndege, anaona kilomita 300 ni kama saa tatu za barabara za kwao, naye anasema twende tu. Dereva wetu, kwa adabu, hawezi kumkatalia mgeni. Barabara hii ina njia moja kwenda na moja kurudi, ina vijiji ambako mwendo ni kilomita 50 kwa saa, ina malori yaliyoharibika bila taa, na ina madereva waliokesha. Usiku mmoja mwanzoni mwa Februari 2023, humu humu wilayani Korogwe, gari lililobeba waombolezaji na mwili wa marehemu kutoka Dar es Salaam kwenda kuzika Kilimanjaro liligongana na lori. Watu wasiopungua 17 walifariki. Wengi wetu tunakumbuka tulikuwa wapi tulipopata habari hiyo asubuhi, na kengele zilizopigwa siku zile.

Kwa hiyo ofisi imeamua kwamba mgeni anayetua baada ya saa 10 jioni atalala karibu na kiwanja, iwe Moshi au Dar es Salaam, na safari itaanza alfajiri. Gharama ya kitanda cha usiku mmoja iingizwe kwenye bajeti tangu mwanzo. Tunajua baadhi ya wafadhili huiona kama anasa inapotokea kwenye hesabu za mwisho, ndiyo maana tunaieleza hapa.

Swali hutujia pia kuhusu wagonjwa. Je, ndege isingewaokoa? Huduma ya madaktari wa ndege iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1957, ambayo leo tunaijua kama Amref, imeonyesha kuwa inawezekana, na Flying Medical Service ya Arusha imefanya kazi hiyo kwa jamii za wafugaji tangu miaka ya 1980. Lakini huduma hizo ziliwalenga watu waliokuwa mbali na barabara yoyote. Sisi tuna lami. Mama mwenye uchungu wa kuzaa pale Kwamndolwa yuko karibu na hospitali ya Magunga kuliko alivyo karibu na kiwanja chochote cha ndege, na akihitaji kupelekwa Bombo, Tanga, kilomita zile 100 za gari zitakwisha kabla ndege haijapata ruhusa ya kuondoka ilipo. Kiwanja kisicho na taa, tena, hakipokei ndege usiku. Kwa wilaya zetu fedha ya dharura ikae kwenye gari la wagonjwa, mafuta na matairi.

SAA YA NANI?

Mwisho ni jambo dogo lililokwisha kuwaacha watu kiwanjani zaidi ya mara moja. Tiketi huandikwa kwa saa za kizungu. Mgeni akiandika kuwa anatua 8:00, huenda ni saa 2 asubuhi au saa 2 usiku, na dereva akisikia "saa nane" atakwenda mchana. Hatari zaidi ni ndege za baada ya saa 6 usiku. Tiketi ikisema tarehe 15, saa 00:35, maana yake ni usiku wa kuamkia tarehe 15. Dereva lazima awe kiwanjani tarehe 14 baada ya chakula cha jioni. Dereva mmoja mwaminifu sana alikwenda jioni ya tarehe 15, akiwa ameosha gari, na mgeni alikuwa amekaa juu ya sanduku lake karibu saa ishirini.

Kuanzia robo hii fomu ya taarifa za wageni ina nafasi tatu ambazo hazikuwapo, nazo ni saa ya kutua kwa Kiswahili na kwa tarakimu 24, jina la usiku husika (kwa mfano "Jumanne kuamkia Jumatano"), na saa ambayo mgeni atakuwa Kwamndolwa, si kiwanjani. Katibu wa kamati aijaze pamoja na dereva, wote wawili wakiitazama tiketi, na nakala ituletewe wiki mbili kabla. Kwa wageni wa Julai na Agosti tutaanza kupokea fomu hizo mwezi Juni. Fomu mpya zinapatikana ofisini na kwa makatibu wa parokia, na zile za zamani zilizobaki msizitupe, upande wa nyuma unafaa kwa mahesabu ya mafuta.